Masikio ya Studio

Pale stendi ya Misuna, Singida, yupo bingwa wa sauti. Eafoni za elfu tano hazitaki: besi inavuma mno, eti mwimbaji yuko mbali. Anataka hedifoni zinazofika hezi 20,000, ingawa kwa umri wake akisikia 15,000 ashukuru Mungu. Na nyimbo zenyewe? Kajaziwa kwenye memori kadi na kijana wa kibandani, MP3 zilizobanwa mpaka matoazi yanachachatika kama kitunguu kwenye mafuta ya alizeti.

Habari za waya usimuulize. Waya mara nyingi hufia palepale, shingoni mwa pini, kwa kukunjwakunjwa mfukoni. Wa kuchomoa ukikatika, unanunua waya tu; Sennheiser HD 25, ya tangu 1988, bado inauzwa, na waya wake unabadilishwa. Yeye kachagua zenye waya usiochomoka, tena zilizo wazi nyuma, “zipumue”. Zimepumua kweli: upepo wa Singida unaingia bila hodi, na bodaboda wote wanasikiliza bure.

Sasa upande wa kushoto umekata. Anaukandamiza waya kwa dole gumba mpaka sauti irudi, halafu, bila haya, ananisomesha habari za stereo.