Jogoo Aliyeuzwa Mara Tatu

Barabara ya Embu hadi Meru ni somo la historia ya kanisa. Ukipanda matatu mjini Embu, unawaacha nyuma Waanglikana. Ukifika Chogoria uko kwa Wapresbiteri, ambako Daktari Clive Irvine kutoka Uskoti alianzisha misheni mwaka 1922. Ukiingia Imenti umefika kwa Wamethodisti, waliotangulia kujenga kituo chao pale Kaaga mwaka 1912. Wakatoliki wako kila kona. Wamisionari waligawana miteremko hii kama ndugu wanaogawana shamba la baba. Madhehebu yote huungana mahali pamoja tu, kwenye daraja la Nithi, maarufu kwa ajali. Pale kila abiria, hata aliyejaza miraa shavuni, humkumbuka Muumba wake.

Mimi ni Mwembu niliyeoa Meru, na ng'ambo zote mbili za daraja hilo tunakubaliana kwamba ibada isiyo na mnada haijaisha. Asiye na pesa huleta alichonacho: trei ya mayai, mkungu wa ndizi, nduma, miwa. Baada ya baraka vinapigwa mnada, na kanisa linapata mabati. Yesu alifundisha kwamba utoapo, mkono wa kushoto usijue unalofanya wa kulia. Sisi tunautangazia kwa kipaza sauti, na ukichelewa kusikia, mzee wa kanisa anarudia.

Mnada una amri zake, na ya kwanza ni kwamba mkwe hashindwi bei. Ndiyo maana kwa wakwe zangu mimi huketi nyuma ya nguzo. Jumapili moja akaletwa mbele jogoo mwekundu, sadaka ya shosho mmoja, bibi mjane. Ndege mwenyewe ni wa shilingi mia nane, ukimwonea huruma mwenye kuuza. Mzee akamwinua juu na kuuliza, "Nani anampenda Yesu kwa elfu mbili?"

Binti yangu amefundishwa shule ya Jumapili kwamba swali hilo lina jibu moja tu. Akainua mikono yote miwili.

"Mkwe wetu wa Embu, elfu nne! Bwana asifiwe!"

Kanisa likaitika amina. Mama mkwe akatabasamu kwa namna ambayo haikuniachia pa kukimbilia. Nikatoa simu, salio likanicheka, nikafuliza, yaani nikakopa kwa simu. Mfalme Daudi alikataa kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu, akalipa shekeli 50 za fedha kwa uwanja wa kupuria na ng'ombe. Maandiko hayasemi kama alizifuliza.

Nilipomshika jogoo wangu miguu, baba mkwe akanikoholea. "Mwanangu, mkwe haendi nyumbani na kuku wa kanisa." Hiyo ndiyo amri ya pili. Nikamrudisha, akauzwa upya. Safari hii akanunuliwa kwa elfu sita na bwana mmoja anayewinda kiti cha wadi, aliyekuja na mpiga picha wake. Naye, baada ya kupigwa picha za kutosha, akamrudisha. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kwamba mchango wa Rais Ruto kwa kanisa utarudishwa. Sisi pesa hatukurudisha. Kilichokuwa kikirudi ni jogoo tu. Petro alimkana Bwana jogoo akawika. Hapa jogoo mwenyewe ndiye aliyekuwa akikanwa.

Basi elfu kumi zikawa mezani, elfu nne hofu ya ukweni na elfu sita kura za kesho. Nadhani Mungu anatujua vya kutosha, ndiyo maana hasubiri tutakasike kwanza ndipo aezeke nyumba yake. Hutumia kiburi kilichopo. Mioyo safi mnadani ilikuwa miwili: wa mtoto aliyejibu swali kama lilivyoulizwa, na wa shosho.

Jogoo akanadiwa mara ya tatu. Mifuko ilikuwa imekauka, kimya kikatanda. Shosho akafungua fundo la leso yake, akatoa mia mbili, akapewa jogoo. Mzee akacheka hadi kipaza sauti kikapiga mluzi. "Shosho! Umenunua jogoo wako mwenyewe?"

"Wangu?" akasema, akimweka kwapani. "Wangu alikuwa wa mia nane. Huyu ni wa elfu kumi."