Saa 1,500: Mwongozo kwa Rubani Mwenye Haraka

Mdogo wangu, hongera. Leseni ya urubani wa biashara unayo, saa 200 zimo kwenye logibuku, na shati la mistari mabegani umeshalipigia picha. Sasa likunje mikono, maana kazi inayofuata ni kubeba mabegi. Leseni ya kukufanya nahodha wa shirika la ndege inadai saa 1,500, zikiwemo 100 za usiku na 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo. Hizo 1,300 zilizobaki haziuzwi dukani.

Tafuta ndege ndogo. Ukipewa Cessna Caravan na njia ya Dar es Salaam na Zanzibar, shukuru, halafu piga hesabu: kwa dakika 20 kila safari, utavuka bahari mara 3,900. Atakayekucheka mwambie kwamba kila mvuko una kuruka na kutua kwake, na kusi ikikaza, kutua kwa leo si kama kwa jana. Rubani wa ndege kubwa husafiri saa nane akatua mara moja, tena kwa zamu na mwenzake.

Mizani ijue kabla ya mawingu. Abiria anayekwenda mbugani atakuja na begi la kilo 19 na kuapa kwamba ni 15. Mwamkie vizuri, kisha lipime. Uwanja wa Arusha uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Jua la saa nane likiwaka, hewa inakuwa nyepesi, injini inapungua nguvu, na ndege inakula njia ndefu kabla ya kuinuka. Kilo nne za uongo ukizizidisha kwa viti 12 unapata kilo 48, na hizo hakuna aliyezipigia hesabu.

Serengeti utawakuta pundamilia njiani. Redio hawana, kwa hiyo pita chini mara moja watawanyike, zunguka, ndipo utue. Dakika za kuzunguka ziandike, ni halali yako.

Saa za kalamu ndizo haramu, zile zinazojazwa na mtu aliyekaa sebuleni kwao. Siku ya usaili watakuweka kwenye simulata, wazime injini moja ndege ikiinuka, na mikono yako itakutaja. Hata saa za kweli hazitoshi zenyewe. Marekani iliweka sharti la saa 1,500 hata kwa marubani wasaidizi mwaka 2013, kufuatia ajali ya mwaka 2009 karibu na Buffalo iliyoua watu 50. Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshapita saa 1,500.

Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kuandika muda, jiulize leo ndege imekufundisha nini. Kisha andika ulichoruka tu, hata kama ni dakika sita.