Mama Mkwe, Ungo na Radi ya Ipagala

Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na huja na vishindo. Jioni ile wingu jeusi tii lilijikusanya upande wa Ihumwa. Mama mkwe, kwao Kongwa, alikwishafunika kioo cha kabati kwa kanga na kulisukumia uvunguni shati jekundu la Neema, akiamini vinavuta radi. Hatukumcheka: mwaka 2018 kule Geita radi iliua wanafunzi sita wakiwa shuleni.

"Baba Neema, zima hilo dude!"

"Mama, zimebaki dakika kumi tu, na Yanga wako mbele."

Kila kilomita moja, mngurumo huchelewa sekunde tatu hivi nyuma ya mwanga. Safari hii vilifika pamoja. King'amuzi kikatoa moshi, televisheni ikazimika, friji ikanyamaza.

Nyumba yenyewe haikupigwa. Radi ilishukia mbuyu wa jirani. Hupenda kitu kirefu kilichosimama peke yake, na kwenye tambarare yetu mbuyu ndio unaokutana nayo kwanza. Msukosuko wake ukarukia nyaya, na waya wa nguzo ukishirikiana na wa ungo ukauleta mpaka sebuleni. Mbuzi wawili waliojikinga chini ya mbuyu walikufa: umeme unaotambaa ardhini hupanda miguu ya mbele na kutokea ya nyuma, na moyo uko katikati ya njia.

Asubuhi fundi alikagua, akatikisa kichwa. Waya wa erthi ulikuwepo, ila haukuwa umefungwa popote.

"Lakini nilizima kwa rimoti mara tu ilipopiga!" Baba Neema akajitetea.

"Hata ungezima swichi mapema, kaka. Radi imeshuka kilomita kadhaa za hewa, itashindwa kuruka milimita chache za swichi? Chomoa plagi, chomoa na waya wa ungo, kabla wingu halijafika."

Mama mkwe akakohoa. "Nilichokifunika mimi kimepona. Mlichokikatalia ninyi kimeungua."

Hakuna aliyepata jibu, hata fundi.

Tangu siku hiyo wizara ya plagi ni yake. Wingu likichungulia tu anapita chumba hadi chumba akichomoa: friji, pasi, hata chaja ya simu. Baba Neema amenunua redio ya betri, na mechi anasikilizia chumbani, mlango umefungwa kwa komeo, sauti chini kabisa.