Sifa za Rundo Lisilosomwa

Mnazi umesifiwa, tambuu imesifiwa, na kila kiongozi aliyewahi kukata utepe ameimbiwa. Rundo la vitabu vya malezi lililoegemea ukuta kando ya kitanda halijapata hata ubeti mmoja, ilhali katika nyumba ya mzazi mpya hakuna kilicho na adabu kama hilo.

Adabu, naam. Shangazi huja akiwa amekwisha kufunguka: mtoto huyu ana chango, mtoto huyu amecheleweshewa uji. Jirani humpinga shangazi, nesi wa kliniki huwapinga wote wawili. Kitabu husubiri kufunguliwa. Usipokifungua hakinuni, wala hakimpigii simu mama mkwe.

Tena rundo halina ubabe, maana ndani yake wamejaa wapinzani. Truby King wa New Zealand anataka mtoto anyonye kwa saa ya ukutani, kila baada ya saa nne, alie asilie. Mmarekani John Watson, mwaka 1928, anaonya mtoto asikumbatiwe wala kubusiwa ovyo. Asubuhi mpe mkono. (Hebu mfikirie wa miezi minane, nepi imemjaa, anakupa mkono kama mjumbe wa nyumba kumi.) Richard Ferber anafundisha kumwacha alie kwa muda unaorefushwa kidogo kidogo, hadi azoee kulala mwenyewe. William Sears anataka abebwe mchana, na usiku alale karibu na mama. Hawa wawili nimewalaza jalada kwa jalada na hawajagombana mbele ya mtoto hata siku moja. Wazazi wangapi wanaweza kusema hivyo?

Mwana Kupona, mwaka 1858, alimwusia bintiye kwa utenzi mmoja. Maskini binti yule: usia mmoja, na hakuna wa kuupinga! Mwenye rundo afanye atakalo, mtaalamu wa kumuunga mkono yumo, na wala hana haja ya kumsoma.

Chini kabisa yupo Rousseau. Kitabu chake, *Émile*, kilitoka mwaka 1762 kuifundisha Ulaya kulea, naye watoto wake watano aliwapeleka kwenye nyumba ya watoto waliotupwa mjini Paris. Hapa kwangu, walau, amekubali kubeba wenzake.

Ila shahidi wangu mkuu ni Daktari Benjamin Spock, bingwa wa makasia wa Olimpiki ya 1924. Mwaka 1946 alitoa kitabu kilichouzwa mamilioni kwa mamilioni. Kinaanza kwa kuwaambia wazazi wajiamini, kisha kinaendelea kwa mamia ya kurasa, pengine kwa ajili ya wale ambao hawakujiamini vya kutosha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950, matoleo yake yalishauri mtoto mchanga alazwe kifudifudi, asije akapaliwa na matapishi. Ilionekana ni busara tupu. Baadaye utafiti ukaonyesha kwamba ulalaji huo huongeza hatari ya vifo vya ghafla vya wachanga usingizini, na mwaka 1994 Marekani ikaanzisha kampeni ya kuwalaza chali. Hapo mzaha unakwama kooni kidogo, kwa sababu waliomtii daktari ni wale waliosoma kwa bidii. Vitabu vya mitumba havigongwi muhuri wa kuisha muda. Toleo la namna hiyo, likibanwa chini ya wenzake kumi, halimdhuru mtu.

Faida nyingine ni ndogo ndogo: kukandamiza pindo la chandarua, kumpa mgeni kitu cha kustaajabia wakati chai inachemka. Na si kweli kwamba halina msomaji. Anaye mmoja, mwenye meno sita, ambaye amekwisha kumaliza orodha ya yaliyomo katika kitabu cha vyakula vya watoto, karatasi na wino. Wiki hii mjomba wake amemletea kingine, cha kulea kijana anayebalehe. Nimekipokea kwa mikono miwili na kukiweka juu kabisa; kina miaka kumi na ushei ya kutosomwa kwa raha zake.