Barua kutoka Minneapolis: Pilipili na Mikeka Yao

Ami yangu mpenzi,

Nakuarifu ya kuwa mimi ni mzima, ila kwa baridi tu, na kwamba mwezi huu wa Machi nimepata cheo ambacho hata wewe, kwa wingi wa dua zako, hukuniombea: nimekuwa mtumishi wa pilipili.

Mzee niliyepanga chumba kwake ana banda la vioo nyuma ya nyumba, na kwa kuwa sakitu ya huku haiaminiki mpaka katikati ya Mei, hali miche ya nyanya yataka wiki sita hadi nane kabla ya kutolewa nje, na ya pilipili zaidi ya hapo, imemlazimu kusia mbegu wakati ambapo maji yaliyosahauliwa ndooni hulala maji yakaamka jiwe. Mimi, kwa adabu, nikatoa shauri tuwashe jiko la mafuta ya taa, tufunge mlango, tukalale. Akanieleza taratibu kwamba jiko lisilo na bomba la moshi hutoa gesi ya ethilini, ambayo nyanya hawaistahimili, hata majani yao hupinda na kuinama; kwamba mvuke wake huleta unyevu, na unyevu huleta ukungu uozeshao miche shinani; na kwamba, juu ya hayo, mtu aliye ndani huenda akafa. Naomba utazame mpango wa hoja zake.

Hekima yake, nami naisadiki, ni kuwa hewa haistahili israfu, maana vioo havina uwezo wa kuizuia. Hita ndogo huachiwa kazi ya kulinda isishuke chini ya nyuzi 10, basi. Kistahilicho heshima ni udongo. Chini ya kila trei umetandikwa mkeka wa umeme, mwembamba, wenye nyaya ndani, na kidhibiti joto ambacho ncha yake imechomekwa udongoni: joto likipungua chini ya nyuzi 27 mkeka huwaka, likitimia huzima, pasipo kuamrishwa na mtu. Upande wa kaskazini yamepangwa mapipa meusi ya maji, lita 200 kila moja, ambayo mchana hunywa jua na usiku hulirudisha. Pipa moja likipoa kwa nyuzi 10 hutoa joto la hita ya wati 1,000 iliyowashwa saa mbili na ziada. Zamani, asema, wakulima wa bustani wa Paris walifukia samadi mbichi ya farasi chini ya matuta, nayo ikichacha hupasha mbegu joto bila bili, na huzuni yake kubwa ni kuwa majirani hawataki kusikia habari ya farasi.

Ama chumba changu, Ami, kimekadiriwa nyuzi 18, kwa hoja kwamba mimi nimekwisha kuota.

Juzi nilimwomba, kwa unyenyekevu wote ulionifunza, aniazime mkeka mmoja nitandike chini ya godoro. Hakukataa, kwani ni muungwana. Alivaa miwani, akafungua daftari la miche, akapitisha kidole mstari kwa mstari, kisha akaniandika jina langu kwa wino: wa tatu kushoto, mwisho wa Mei, pilipili wakishahama.