Gemu Yako Ibaki Asilimia 80: Mwongozo kwa Wasio na Haraka

Umeamua kutengeneza gemu. Una kompyuta mpakato, una kazi ya mshahara inayokurudisha nyumbani saa mbili usiku, na una wazo. Hongera. Mwongozo huu utakusaidia wazo hilo lisije likakuharibikia kwa kukamilika. Nauandika kwa uzoefu: huu ni mwaka wangu wa nne na gemu ya bao la Kiswahili, na tangu mwaka wa pili niko asilimia 80.

Usianze na kete. Wanaoanza na kete humaliza. Anza na nembo ya kampuni (kampuni ni wewe na kiti chako), kisha menyu, kisha ukurasa wa mipangilio wenye kitufe cha kupandisha na kushusha sauti. Sauti ya nini, usijiulize. Menyu yangu ina ngoma, ina mawimbi, na herufi zake huingia moja moja kama maharusi. Ukibonyeza "Cheza" hakitokei kitu, lakini unabonyeza kwa raha.

Bao lenyewe litakuhadaa kwamba ni dogo. Mashimo 32, kete 64, basi. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi za kunamua. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kuyaandika hayo kwa wikiendi chache. Kwa hiyo tanua. Weka baraza. Penye baraza pana muuza kahawa, muuza kahawa ana birika, na birika linatoa mvuke. Mvuke huo ulinila wiki tatu, na sasa unapinda vizuri sana ukipigwa na kaskazi. Kusi nimeipangia mwakani.

Ukiona jambo linakaribia kuisha, badili injini. Sababu hazikosekani. Septemba 2023 Unity walitangaza ada kwa kila mara gemu inaposakinishwa, kwa waliovuka viwango fulani vya mapato na usakinishaji. Watengenezaji wakaja juu, wengine wakahamia Godot, ambayo ni ya bure, na mwaka mmoja baadaye Unity wenyewe wakaifuta ada hiyo. Wewe ambaye gemu yako imesakinishwa kwenye simu moja, yako, usibaki nyuma: hama nao usiku uleule. Utapata miezi minane ya kuandika upya kile ambacho hakikuwa kinafanya kazi.

Nyumbani jifunze kuzungumza kwa asilimia. Mkeo akiuliza imefikia wapi, 80. Mjomba anayeamini unabeti, 80. Wakizidi kukubana, mtaje Eric Barone wa Marekani, aliyeitengeneza Stardew Valley peke yake, picha, muziki na maandishi, kwa zaidi ya miaka minne, akaitoa Februari 2016, na ikauza nakala kwa mamilioni. Miaka minne, unaona? Usiongeze kwamba kwa kawaida alifanya kazi saa 10 kwa siku. Na Dong Nguyen wa Vietnam, aliyeiunda Flappy Bird kwa siku chache tu, usimtaje kabisa.

Kanuni kuu: asiicheze mtu. Mimi niliivunja Jumamosi moja, nikaipeleka kijiweni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete tuone."

Akapangusa kidole kwenye kanzu, akagusa shimo. Akala, kete zikatembea, ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yake, na kabla hajapumua simu ikaichota nyumba nzima na kuisambaza.

"Nani kaiambia isafiri?"

Nikanyamaza. Hata mtoto aliyekulia barazani anajua kwamba hapo mwenye nyumba ndiye anayeamua, ilale au isafiri. Programu yangu haijawahi kumuuliza mtu. Mchezo wa pili kete zilizunguka, zikazunguka, simu ikapata moto mkononi mwake. Nikamweleza kwamba watafiti wameonyesha kihesabu kuwa bao lina misambazo isiyokwisha kabisa, na hilo ni kweli.

"Hii si mojawapo, kijana," akasema. "Hii umekosea kuhesabu."

Mvuke hakuuona.

Usiku ule nilifanya kosa la kukaa chini na kurekebisha, na nimelirudia kila usiku tangu hapo. Sasa nyumba inauliza kabla ya kusafiri, na kete husimama zinapotakiwa kusimama. Mzee ameshaulizia mara mbili. Nimemwambia tumefika asilimia 35.