Chokaa ya Mbuyuni

Kijiji cha Mbuyuni kilikuwa na dini mbili na kisima kimoja. Wafuasi wa dini ya kwanza waliamini kwamba Mvua anakaa ndani ya mbuyu mkubwa, na mlinzi wa mbuyu huo alikuwa Mzee Fisi. Wa dini ya pili waliamini kwamba anakaa chini ya bwawa, na msemaji wake alikuwa Mwalimu Korongo, aliyesimama majini kwa mguu mmoja tangu alfajiri hadi magharibi, ishara ya uchaji ambayo vyura hawakuwahi kuielewa vizuri.

Kila Jumamosi jioni kulikuwa na mhadhara uwanjani. Aliyewahi kusimama pembeni ya mihadhara ya dini ya miaka ya 1980 pale Dar es Salaam, Biblia na Kurani zikipekuliwa meza moja, anaujua mchezo: aya kwa aya, spika zinanguruma, na kila mtu anarudi nyumbani na imani ileile aliyokuja nayo, koo tu ndilo lililokauka. Mbuyuni walibishana miaka mitatu kama Mvua husujudiwa pembe zikiwa juu au zikiwa chini. Kobe, asiye na pembe hata moja, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Lakini biashara yenyewe haikuwa uwanjani, ilikuwa chini ya mbuyu. Kila nyumba ilipeleka sadaka ya mfupa usiku (usiniulize swala anapata wapi mfupa), na asubuhi mifupa ilikuwa imeliwa, mahali pake pamebaki madonge meupe pe. Mzee Fisi aliyaita chokaa ya baraka. Aliyasaga, akayafunga kwenye jani la mgomba, akauza kwa kipimo. Mgonjwa alipakwa kipajini, bwana harusi akapakwa magotini, mtoto aliyechelewa kuota pembe akalambishwa.

Mwalimu Korongo aliipinga chokaa ile kwa hoja kumi na mbili, kila wiki, kwa mpangilio uleule. Hoja ya saba ilikuwa nzuri hasa. Hakuna aliyewahi kuisikia.

Sungura hakupinga lolote. Siku ya gulio alitandika mkeka hatua mbili kutoka meza ya Mzee Fisi, akamwaga juu yake vidonge vidogo vya mviringo, vikavu, vya kahawia, akaanza kunadi: "Karibuni, karibuni! Baraka za kichakani! Hazisagwi, hazichujwi! Viwili asubuhi, viwili jioni, baada ya chakula!"

Kima aliokota kimoja, akakinusa. "Bwana Sungura, si mavi yako haya?"

"Taratibu, ndugu yangu, usikufuru," Sungura alijibu kwa sauti ya Mzee Fisi, ile ya kukwaruza, kichwa amekiinamisha upande. "Kitu kikishalala usiku mmoja chini ya mti mtakatifu hakiulizwi kilitoka wapi. Au huyu mzee mwenzangu wa hapa jirani mmewahi kumuuliza?"

Macho ya wateja yakahama kutoka mkekani hadi mezani. Pale mezani palikuwa na donge moja ambalo lilikuwa halijasagwa, na ubavuni mwake kimejitokeza kipande cha mfupa. Yeyote anayelala porini anajua kwamba choo cha fisi hukauka kikawa cheupe kwa ajili ya mifupa anayoitafuna. Walijua siku zote. Ilikuwa inangojwa tu nani aanze kucheka. Akaanza Punda, aliyeoa juzi, magoti yake bado meupe, na punda akishaanza hanyamazishiki.

Mzee Fisi alimshtaki Sungura kwa kuikashifu dini. Kesi ikaenda kwa Bundi, ambaye hakuna aliyempenda kwa sababu ya mkosi wake, lakini alikuwa ameishi miaka mingi kwenye dari la maktaba ya binadamu na kusoma juu ya mabega ya wasomaji.

"Shitaka hili si geni," alisema Bundi. "Nabii Ibrahimu alivunja masanamu ya watu wake, akaliacha lile kubwa, na walipomjia juu akawaambia kafanya huyo mkubwa wao, wayaulize, kama yanasema. Eliya, kwenye Mlima Karmeli, aliwashauri manabii 450 wa Baali wapaze sauti zaidi, labda mungu wao kalala au yuko safarini. Erasmus wa Rotterdam, padri kamili, alichapisha mwaka 1511 kitabu ambamo Upumbavu wenyewe unapanda jukwaani kujisifu, na kuwahesabu wanatheolojia na watawa miongoni mwa wafuasi wake. Kanisa lilikuja kukipiga marufuku, mwenyewe akiwa kaburini, na hakuwa amelihama Kanisa hilo hata siku moja. Lakini Kurani hiyohiyo inayomsimulia Ibrahimu inakataza, katika Surat al-Hujurat, watu kuwadharau watu wenzao, kwani huenda wanaodharauliwa ndio bora. Ninavyoona mimi, Sungura kaicheka bidhaa. Mnunuzi hakumgusa. Kesi imefutwa."

Mwalimu Korongo alifurahi kupita kiasi. Alimpa Sungura kiti cha mbele, kapu la kunde kila wiki, na cheo: Msaidizi wa Mhadhiri, Kitengo cha Dhihaka.

Jumamosi iliyofuata, kunde zikiwa bado mdomoni, Sungura alimwiga Bibi Swala anavyopanda kwenda kufunga kitambaa mbuyuni kwa ajili ya mwanawe aliyepotea kiangazi cha mwaka juzi. Alimwiga vizuri, kipaji alikuwa nacho: kuchechemea kwake, kupumzika kwake kila baada ya hatua chache, mpaka anavyotumia meno kukaza fundo. Upande wa bwawa walishika mbavu. Upande wa mbuyu kimya. Kima, aliyekuwa ameacha kununua chokaa tangu siku ile ya gulio, alinyanyuka mbele ya watu wote akaenda kununua vipimo viwili ambavyo hakuwa na kazi navyo. Wiki ile Mzee Fisi aliuza zaidi kuliko miezi sita iliyotangulia.

"Mjukuu wangu," Bibi Swala alimuuliza njiani, "ulikuwa unamcheka nani?"

"Nilicheka ujinga tu, bibi."

"Ujinga wangu mimi siuuzi popote."

Kisha kulikuwa na wale vyura. Mwalimu Korongo alifundisha kwamba chura anayetoweka bwawani amepaa kwa Mvua. Sungura, kwa kuwa sasa anakaa viti vya mbele, alikwisha kuona mguu wa kijani ukining'inia mdomoni mwa mwalimu, akageukia kapu lake. Kwa hiyo swali liliulizwa na kijichura kimoja kilichokuwa bado na kishina cha mkia, na hakikuwa na nia ya kuchekesha: "Mwalimu, wanaopaa, mbona wote hupitia kooni mwako?"

Uwanja mzima uliangua kicheko, wa mbuyu na wa bwawa kwa pamoja, na Sungura akatema kunde zake.

Usiku uleule Mzee Fisi na Mwalimu Korongo, ambao hawakuwahi kuafikiana hata juu ya siku ya kuandama mwezi, walikaa kikao kimoja. Asubuhi likakutwa tangazo lenye sahihi zote mbili: kuanzia leo, kwa kuheshimu imani zetu sote, kucheka hadharani ni kwa kibali. Ada ya kibali ni mfupa mmoja au chura mmoja.